Waya Juu ya Ufa

Jumatatu, 17 Machi

Mvua bado. Vumbi la Gatitu, hapa Nyeri, limeingia mpaka kwenye sukari. Leo nimewafundisha Kidato cha Tatu ukinzani, yaani jinsi waya inavyouzuia umeme kupita. Waya ndefu huzuia zaidi, waya nene huzuia kidogo. Halafu nikawaeleza kuwa kila madini yana ukinzani wake asilia, ile tabia inayoifanya shaba kuwa shaba na nikromu, ile waya ya majiko ya umeme, kuwa nikromu, na hiyo haijali urefu wala unene. Nilikuwa nafuta ubao nilipomsikia Kajuju, yule msichana aliyehamia kwetu kutoka Meru mwezi wa pili.

"Madam, na ukiivuta?"

"Nikivuta nini?"

"Waya. Ukiivuta mpaka irefuke, si umeisumbua mpaka ndani? Hiyo tabia yake itabaki vile vile kweli?"

Nikamwambia itabaki. Akauliza nimejuaje. Nikasema kitabu kimesema. Darasa zima likacheka, na sikukipenda kile kicheko. Msichana huyu ana mdomo.

Jumanne, 18 Machi

Vumbi. Nimefua mapazia.

Alhamisi, 20 Machi

Ili Kajuju aniache nipumue, leo tumeivuta. Tulifunga waya ya nikromu juu ya mlango wa maabara, urefu wa mita moja, nyembamba kama unywele wa mkia wa farasi, na chini yake tukaning'iniza kopo la rangi. Wasichana wakawa wanamimina maji humo kwa kikombe. Mwanzoni hakukuwa na kitu. Kikombe baada ya kikombe, waya ilikaa tu. Halafu kopo likaanza kushuka polepole kama bibi anayeketi kwenye kigoda, na darasa likapiga kelele utadhani ni mpira. Tulipolisimamisha, waya ilikuwa imerefuka kwa sentimita kumi. Ukinzani ulikuwa ohm thelathini na tano. Sasa ulikuwa arobaini na mbili na kidogo.

Kajuju akafanya hesabu ubaoni, akageuka na uso wa ushindi. "Madam, ile tabia imebadilika. Imepanda kwa sehemu moja ya kumi. Kitabu ilidanganya."

Niliitazama hesabu yake, sikuona kosa la kuzidisha wala la kugawanya. Kengele ikalia. Nimekuja nayo nyumbani kichwani, na kwa sababu yake nimeunguza githeri.

Ijumaa, 21 Machi

Nimelipata nikipiga mswaki. Unene! Waya ikirefuka, madini yake hayaongezeki, kwa hiyo lazima ikonde. Kajuju alitumia unene wa kabla ya kuvuta. Asubuhi nimempa mikromita, kile chombo cha kupimia unene wa vitu vyembamba, akaipima waya mwenyewe mara kadhaa akiuma ulimi. Imekonda kweli. Akairudia hesabu, na ukinzani asilia ukatoka ule ule wa mwanzo.

Nilidhani atanuna. Aliruka. "Kwa hivyo inalipa mara mbili! Inarefuka na inakonda, na zote zinazuia umeme. Lakini ndani ni ile ile." Baada ya somo alibaki akiipangusa mikromita kwa ncha ya sweta yake kabla ya kuirudisha kwenye kijisanduku. Nilikuwa nimemhukumu haraka. Ana njaa ya kujua tu.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua! Imeanza katikati ya somo, na mabati yakatunyamazisha sote. Baba amepiga simu kutoka Kangari kusema mvua ya njahi, ile ndefu ya masika, imefika kwao pia, na ng'ombe amekataa kutoka zizini.

Jumamosi, 29 Machi

Nimekwenda Kangari kumwona Baba. Tangu mama atutoke, miaka sita sasa, anaishi peke yake na ng'ombe wake Kairu, katikati ya mteremko, majani chai juu yake na majani chai chini yake. Kwa kuwa nina jina la mama yake, huniita maitu, mama yangu, na mimi ndiye mtoto wake wa pekee, kwa hiyo nina vyeo viwili na sauti sina hata moja.

Mlango wa nyuma wa jikoni umekwama. Nikausukuma kwa bega. "Umekuwa hivyo lini?" Akasema mbao imenyonya maji. Nikapanda mteremko ulio juu ya nyumba kuchuma majani kidogo, na huko, kati ya mistari ya chai, nikaona kitu nilichodhani ni mfereji. Ni ufa. Umeukata mteremko kwa mlalo, na mkono wangu ulizama ndani mpaka kwenye kiwiko.

"Hiyo iko tangu mwaka jana," Baba akasema. "Udongo inapumua, maitu."

"Ikipumua sana itakufunika."

"Na nitaenda wapi?"

Hapo ndipo penye tatizo. Nyumba ya pekee iliyo karibu na iliyo mahali tambarare iko ng'ambo ya kijito, na ni ya Beth. Namwita tata Beth, yaani shangazi, ingawa hatuna undugu. Ni mjane, mwanawe yuko Nairobi, na ana vyumba vitatu vitupu. Lakini yeye na Baba hawajasemezana tangu mwaka juzi, Kairu alipovunja ua na kumaliza sukuma wiki yake yote. Beth alisema mbele ya watu wa kanisa kuwa ng'ombe wa mzee Hezekiah amelelewa vibaya. Baba aliyapokea maneno hayo kana kwamba ametukaniwa mama yake mzazi.

"Kwa Beth?" akasema. "Afadhali nilale kwa kituo ya majani, kwa magunia."

Jumanne, 1 Aprili

Usiku kucha nimefikiria ufa. Baba ana goti bovu, mteremko una utelezi, na hawezi kupanda kila siku kuutazama. Lakini waya inaweza kukaa juu ya ufa kwa niaba yake. Kigingi kimoja upande wa juu, kingine upande wa chini, waya nyembamba katikati. Ufa ukipanuka, waya inavutwa, ukinzani unapanda, na mtu anasoma akiwa jikoni anakunywa chai yake.

Nikausema mpango huu ofisini kwa walimu. Ngatia, anayefundisha Jiografia, akacheka kile kicheko chake kinachosikika mpaka barabarani. "Mwalimu Murugi! Watu hupima ufa na rula!" Wote wakacheka. Nikaeleza habari ya goti na utelezi. Akaniambia ni sawa, akachukua andazi langu la mwisho, akaenda darasani. Simpendi mtu huyu.

Jumamosi, 5 Aprili

Shule zimefungwa. Maabara nayo imefungwa, na mwenye ufunguo amekwenda kwao Doldol pamoja na ufunguo. Nikromu iko ndani. Basi nimefungua transfoma ya redio iliyokufa, nikatoa waya ya shaba nyembamba, nikaenda nayo Kangari.

Tumefanya kazi matopeni mpaka jioni. Waya tumeipitisha ndani ya paipu nyeusi ya maji ili mvua isiiguse, na kebo nene ikashuka mpaka jikoni. Mita ya shule ya kupimia ukinzani, niliyoitilia sahihi kabla ya kufunga, imekaa kwenye rafu karibu na chumvi. Baba ameipenda. Anaigonga kwa kidole kama watu wanavyogonga tikiti kulijua kama limeiva.

Jumanne, 8 Aprili

Baba amepiga simu alfajiri kunisomea mita. "Nane nukta nane." Mvua kubwa.

Alhamisi, 10 Aprili

Nane nukta nane. Anasema mita ni mwenzake mzuri kuliko redio kwa sababu haina matangazo.

Jumatatu, 14 Aprili

Siku ya aibu.

Ilinyesha usiku, kukapambazuka kweupe. Kabla ya chakula cha mchana Baba akapiga, sauti imepanda. "Maitu, sasa imesema tisa nukta tatu!" Nikakokotoa hesabu nyuma ya bahasha. Ufa ulikuwa umepanuka zaidi ya urefu wa kiganja, tangu alfajiri tu! Nikapiga kelele kwenye simu. "Toka! Toka na Kairu, usichukue kitu!"

Akatoka. Akamburuta Kairu mpaka kwenye ukumbi wa kanisa, akiwa na blanketi begani na Biblia kwapani. Watu wakakusanyika. Naibu chifu akapanda mteremko na vijana wawili, akarudi akiwa na matope na hasira. Vigingi havikuwa vimesogea hata kidogo. Jioni Baba akarudi nyumbani, akaitazama mita. Nane nukta nane.

Wakati huo wote Kairu alikuwa ukumbini, na alikuwa amekula matawi yote ya mitende yaliyobaki ya Jumapili ya Matawi.

"Maitu," Baba akaniambia kwenye simu, kwa upole uliouma kuliko ukali, "waya yako imeniaibisha mbele ya watu. Hata Beth alikuwa hapo. Alitazama ng'ombe tu, akatikisa kichwa."

Jumanne, 15 Aprili

Sijatoka nje leo.

Jumatano, 16 Aprili

Kajuju, ambaye hukaa na shangazi yake hapa Gatitu, amekuja kuazima kitabu. Aliona uso wangu akauliza kuna nini, nami nikamsimulia. Hakucheka. Aliuliza, "Siku zingine huwa anasoma saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Na hiyo siku?"

"Karibu saa sita."

"Kulikuwa na jua?"

"Jua kali."

Akainuka kutoka kwenye kiti. "Madam, paipu nyeusi! Kwa jua! Si hiyo waya ilikuwa inaiva!"

Tukachukua kipande cha shaba kilichobaki, tukakiunga kwenye mita ya mpangaji wa chini, ambaye ni fundi wa umeme, tukakishika juu ya mvuke wa sufuria ya chai. Namba zikapanda mbele ya macho yetu. Hakuna aliyeivuta waya. Tukajaribu na kile kipande cha nikromu tulichokivuta mwezi uliopita, ambacho kumbe Kajuju alikuwa amekihifadhi kwenye mfuko wa kalamu. Namba hazikusogea kiasi cha kuonekana.

"Kwa hivyo," akasema polepole, "ukivuta waya, umbo linabadilika lakini tabia inabaki. Ukiipasha moto shaba, umbo linabaki na tabia inabadilika. Mimi niliuliza swali nzuri, lakini kwa kitu tofauti."

Nimecheka mpaka machozi yakanitoka. Jambo hili nililifundisha mwenyewe mwaka jana, sura ya joto na shaba. Nililijua vizuri sana ubaoni.

Alhamisi, 17 Aprili

Ufunguo umerudi kutoka Doldol. Mwalimu mkuu ameniruhusu nikate mita nne za nikromu. "Na usimpeleke ng'ombe kanisani tena," akasema. Habari imefika mpaka huku Nyeri.

Jumamosi, 19 Aprili

Ngatia alipiga jana jioni. Alikuwa amesikia habari za Kairu. Nilisubiri acheke, naye akacheka, kirefu, mpaka akakohoa. Halafu akasema, "Nikupeleke Kangari kesho?"

Ana Probox, gari lenye kioo kimoja kisichofunga. Nyuma alikuwa amebeba vigingi vipya alivyovipaka rangi nyeupe, nyundo, na futi ya fundi. Nilipokuwa nafunga nikromu, yeye alipanda peke yake, akazunguka mteremko mzima. Alitazama mibono iliyoinama yote upande mmoja. Alichota maji ya chemchemi kwa kiganja, akayaona mekundu. Aliushika ule mlango wa jikoni, akaufungua na kuufunga, akaufungua na kuufunga. Sikumsikia akicheka.

"Mzee," akamwambia Baba, "waya ama hakuna waya, hii mlima inatembea. Ningekuwa wewe ningehama leo."

"Kwa kanisa sirudi," Baba akasema.

"Kuna nyumba pale ng'ambo."

Baba akaangalia pembeni.

Tukabembelezana mpaka tukapatana. Mita sasa inasema mia moja na arobaini. Ikipita mia na arobaini na tatu, anatoka, jua au mvua. Baba akanyoosha mkono, wakapeana na Ngatia, kwa sababu mkono wangu mimi, alisema, ni wa mtoto.

Jumatatu, 28 Aprili

Muhula wa pili. Mia na arobaini.

Jumapili, 4 Mei

Mia na arobaini na nusu. Ngatia alikuwa anapita Murang'a kwa mazishi, akajitolea kupanda mpaka kwa Baba na futi yake. Kati ya vigingi vyake vyeupe pameongezeka milimita saba. Nilipiga hesabu ya waya: saba. Nimemtumia ujumbe, rula na waya zimekubaliana. Akanijibu kuwa mwenye rula na mwenye waya nao wajaribu. Nimesoma ujumbe huo zaidi ya mara moja.

Jumatano, 7 Mei

Mia arobaini na moja na nusu. Mvua haikati. Kajuju huniuliza kila asubuhi langoni, kabla hata ya kunisalimia.

Ijumaa, 9 Mei

Mia arobaini na mbili. Nimemsihi Baba ahame. "Tulipatana tatu, maitu. Mimi ni mtu wa neno langu."

Jumapili, 11 Mei

Sikuandika jana. Leo naandika yote.

Jana asubuhi nilikuwa shuleni na Kidato cha Nne, masomo ya Jumamosi. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo bila kupumzika. Simu ikaita nikiwa na chaki mkononi.

"Maitu. Mia arobaini na nne."

"Baba, kuna jua?"

"Jua gani? Hata kuku hawajatoka."

"Basi toka. Tulipatana."

Nilisikia mvua upande wake, kubwa kuliko yangu. "Hii waya ilinidanganya Aprili," akasema. "Ngoja nione kama itashuka."

"Ile ilikuwa shaba! Baba, hii haiogopi jua, na jua lenyewe halipo!"

"Ngoja nione."

Akakata. Nikatoka mpaka kizingitini, chaki bado mkononi. Ngatia alikuwa darasa la jirani. Aliniona kupitia dirishani, akaweka kitabu chini na kutoa ufunguo wa gari mfukoni.

Kutoka Nyeri mpaka Kangari kwa mvua ile ni safari ya zaidi ya saa mbili, na mlima haungetungoja. Nilihitaji mtu aliye pale. Nikiwa ndani ya Probox nikampigia tata Beth.

Nilianza kueleza habari za ohm na nikromu. Akanikatiza. "Murugi, niambie tu. Baba yako atoke?"

"Atoke sasa hivi, tata."

"Sawa."

Kilichofuata nimesimuliwa na wote wawili, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao hawatofautiani. Beth alivaa gambuti za mvua za mwanawe, akavuka kijito kwa daraja la magogo, akapanda mpaka uani kwa Baba. Hakubisha hodi. Hakwenda mlangoni kabisa. Alikwenda moja kwa moja zizini, akamfungua Kairu, akaanza kushuka naye.

Baba akatoka mbio, goti au si goti. "Wewe mama! Unapeleka ng'ombe yangu wapi?"

"Nyumbani kwangu," Beth akasema bila kugeuka. "Alikula mboga yangu bila kualikwa. Leo nimemwalika."

"Mrudishe!"

"Njoo umchukue."

Baba alisimama mlangoni. Akarudi ndani kuitazama mita mara ya mwisho, na anasema hapo ndipo alipoamini: mia hamsini na moja. Akachukua koti na Biblia, akamfuata ng'ombe wake.

Walipofika ng'ambo akakumbuka mita. Mita ya shule, niliyoitilia sahihi. Akageuka arudi. Beth, ambaye kichwa chake kinafika kwenye kifua cha Baba, akasimama katikati ya magogo na mwavuli wake.

"Nipishe, mama. Msichana wangu ataulizwa."

"Ataulizwa mita. Afadhali kuliko aulizwe baba."

"Nipishe."

"Hezekiah." Hajawahi kumwita hivyo, siku zote ni mzee Hezekiah, au baba Murugi. "Hezekiah, mimi nilizika mzee wangu. Wewe ulizika bibi yako. Mimi leo siziki mtu tena. Keti."

Akaketi. Pale pale kwenye jiwe, mvuani. Na wakiwa bado wanatazamana hivyo, mlima ukashuka.

Beth anasema ulianza kwa sauti ya kitambaa kinachopasuka. Baba anasema yeye hakusikia kitu mpaka alipoona mistari ya chai inatembea, imenyooka vizuri, mmoja nyuma ya mwingine, kama watoto wa shule wanaoenda paredi. Halafu jiko halikuwepo. Halafu zizi halikuwepo. Nyumba kubwa ilibaki imesimama bila mgongo, na udongo ukasimama hatua chache kutoka kijitoni.

Sisi tulikuwa bado mjini Murang'a. Ngatia aliendesha bila kucheka, na hilo ndilo lililonitisha kuliko mvua. Simu ya Baba haikushikwa. Ya Beth haikushikwa. Nilianza kuomba kwa sauti, nikasahau maneno, naye akaniendelezea pale nilipoishia, mikono kwenye usukani, macho barabarani. Tulifika tukakuta barabara ya juu imejaa watu. Nikaona jiko halipo. Nikakimbia, viatu vikabaki matopeni.

Mtoto mmoja akanionyesha ng'ambo kwa kidole.

Baba alikuwa jikoni kwa Beth, miguu wazi mbele ya moto, amevaa sweta ya mwanawe Beth yenye maandishi ya timu ya mpira, kikombe mkononi. Aliponiona akainuka, akaketi tena. Nilimkumbatia, na sweta ile ikaloa machozi na kamasi zangu, sioni aibu kuandika.

"Maitu," akasema mwisho, "mita ya shule imeenda."

"Wacha iende, Baba."

"Mara hii halikuwa jua."

Tata Beth alikuwa ameshamsogezea Ngatia sahani. Ngatia alikula viazi vyote, kisha akacheka, peke yake, bila sababu yoyote, na sisi wote tukamfuata mpaka Kairu akalia huko nje.

Jumatatu, 12 Mei

Mwalimu mkuu alinipa karatasi ya kueleza kifaa kilichopotea kilipotelea wapi. Nimeandika: Chini ya kilima. Ameitazama, akaipiga muhuri.

Kajuju alikuwa ananisubiri langoni tangu kupambazuke. Nilimpa ile namba ya mwisho. Akaandika kwenye kiganja chake, akakokotoa, midomo ikitembea. "Sentimita kumi na tano na kidogo," akasema. Halafu akauliza jambo lisilohusu waya hata kidogo: "Baba yako amekula?"

Jumatatu, 19 Mei

Kigingi cha juu hakikung'oka. Ngatia alikipata Jumamosi, na mkia wa nikromu bado umefungwa hapo, umekatika. Leo Kajuju ameupima unene mbele ya darasa, kisha urefu, kisha ukinzani. Imekonda kuliko ile ya kopo la rangi. Kilima kizima kimeivuta mpaka ikakatika. Hesabu ilipotoka, ukinzani asilia ni ule ule wa mwezi wa tatu, isipokuwa tofauti ndogo ya mikono yetu. Darasa halikupiga kelele safari hii. Waliipitisha waya ile kutoka dawati hadi dawati, kila mmoja akiigusa kwa ncha ya kidole.

Jumapili, 25 Mei

Mvua inapungua. Baba bado yuko kwa Beth. Ametengeneza ua wake wote, anasema ni kwa ajili ya Kairu. Nilipowatembelea walikuwa wanabishana kuhusu chumvi kwenye irio, na hakuna aliyetaka ubishi uishe.

Jumatano, 4 Juni

Baridi imeingia. Mlima Kenya haujaonekana wiki nzima. Ngatia ameniletea maandazi, yote mazima.

Jumamosi, 14 Juni

Leo wamekuja Gatitu, wote wawili, bila kunipa habari. Baba alikuwa na suti yake ya kijivu na kofia, na tata Beth kitambaa kipya cha kichwa. Niliwapa chai. Waliinywa. Wakazungumza habari za bei ya majani, na za baridi, na za bei ya majani tena. Baba alikuwa anageuza kofia magotini kama kijana aliyetumwa kuposa.

"Maitu," akasema, "kuna neno tumekuja nalo."

Tata Beth akatazama sakafu. Sijawahi kumwona akitazama sakafu.

"Naibu chifu alisema pale kwangu pasijengwe tena. Mama huyu ako na nafasi. Na watu wa kanisa wanauliza tunakaa aje. Tumeonelea tufanye kwa njia nzuri, kanisani. Lakini wewe ndio mtoto, na wewe ndio mama yangu. Kwa hivyo tumekuja kuuliza."

Nilikuwa na furaha, na ndani ya furaha hiyo nilimwona mama, amesimama mlangoni kwetu na kapu la majani mgongoni. Baba akaniona. Huwa ananiona.

"Tulipita kwake kwanza," akasema. Kaburi liko chini, karibu na barabara, udongo haukulifikia. "Asubuhi hii. Tulisimama hapo na Beth, tukamwambia yote. Hatukuficha kitu."

"Na alisemaje?" nikauliza, nusu nalia nusu nacheka.

Baba akaiweka kofia chini.

"Alinyamaza," akasema. "Na wewe unamjua mama yako. Akikataa jambo, hakuwa mtu wa kunyamaza."